Somo la Maji: Bati na Mchanga

Wasomaji wetu, somo la mwezi huu linahusu maji ambayo hatujazoea kuyahesabu kuwa ni maji yetu. Katika sehemu zetu hizi za Ugogo, mtu akisikia neno "maji" hufikiria bomba, kisima kirefu au lambo. Vitu hivyo vitatu vikikauka, husema maji hakuna. Kumbe yapo mengine, na wataalamu wameyapa jina la maji yasiyo ya kawaida. Ni mvua inayotiririka juu ya bati, maji yaliyojificha ndani ya mchanga wa korongo, maji yaliyokwisha kutumika mara moja jikoni au bafuni, ukungu unaonaswa kwa nyavu, na maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Hatutayatazama yote kwa kiasi kimoja. Mawili ya kwanza ndiyo yanayotuhusu hasa, na lile la mchanga lina haraka, kwa sababu mchanga wenyewe unahamishwa mbele ya macho yetu.

Tuanze na hesabu, maana mazungumzo juu ya maji yasiyo na hesabu huishia katika manung'uniko. Tafadhali chukua kalamu. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya eneo la mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Wanafunzi wetu wa ualimu hawakuwa wakisadiki jambo hili mpaka walipolifanya wenyewe ubaoni: sentimita 100 mara sentimita 100 mara sehemu ya kumi ya sentimita, jibu ni sentimita za ujazo 1,000, nayo ndiyo lita 1. Ukikumbuka hilo tu, unaweza kupima mali iliyo juu ya nyumba yako.

Dodoma hupata kwa wastani mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Tuchukue 500, ili tusijidanganye. Nyumba yenye bati la mita 8 kwa mita 6 ina eneo la mita 48 za mraba. (Pima eneo la ardhi linalofunikwa na paa, wala usipande juu kupima mteremko wa bati; mvua haijui mteremko.) Mara 500, tunapata lita 24,000. Toa sehemu moja katika tano kwa maji yanayoruka pembeni, yanayovuja, na yale ya kwanza yanayomwagwa kwa uchafu. Zinabaki lita 19,200, yaani ndoo 960 za lita 20. Ndoo hizo hakuna aliyezibeba kichwani.

Sasa tuangalie matumizi. Familia ya watu 6, kila mtu akitumia lita 5 kwa siku kwa kunywa na kupika, huhitaji lita 30 kwa siku. Kiangazi chetu, tangu mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Novemba, ni kama siku 210. Lita 30 mara 210 ni lita 6,300. Kumbe bati la nyumba ya kawaida hupokea maji mara tatu ya yale ambayo familia inahitaji kwa kinywa katika kiangazi chote! Basi kwa nini mwezi wa Julai tunamwona mama yule yule mwenye nyumba ya bati amebeba dumu alfajiri?

Jibu ni chombo. Wengi wetu tukipata fedha kidogo tunanunua tangi la plastiki la lita 1,000, tunaunganisha kipande cha gata upande mmoja wa paa, tunaridhika. Lakini tangi hilo, bati lote likiunganishwa, hujazwa na mvua ya milimita 26, yaani alasiri moja ya mvua nzuri. Mvua zote zinazofuata hupita juu ya tangi lililojaa na kwenda zake. Mwisho wa Aprili tangi likiwa limejaa, kwa lita 30 kwa siku, linakwisha baada ya siku 33. Na ikiwa tunaogea na kufulia maji hayo hayo, kwa lita 20 kila mtu, linakwisha baada ya siku 8. Kwa hiyo ukubwa wa tangi upimwe kwa idadi ya siku za kiangazi, na usipimwe kwa nafasi iliyopo pembeni ya nyumba. Asiyeweza kujenga tangi la lita 6,000 mwaka huu ajenge la 3,000, lakini aliwekee kufuli bombani, liwe la kinywa peke yake. Kufua kuna maji mengine, tutayafikia.

Hebu tufanye hesabu hiyo hiyo kwa jengo letu la ibada. Kanisa la mita 25 kwa mita 10 lina eneo la mita 250 za mraba. Kwa mvua ya milimita 500, na kutoa sehemu ile moja katika tano, bati lake hutoa lita 100,000. Hizo zinatosha maji ya kunywa na kupika kwa familia 15 kiangazi kizima. Kwa sasa, makanisa mengi tunayoyafahamu huyaacha maji hayo yapige msingi, yachimbe uwanja, na kuifanya Halmashauri ikutane kila Mei kuzungumzia nyufa za ukuta. Hatusemi kwamba parishi ijenge tangi la lita 100,000 mara moja. Fedha hiyo haipo. Lakini tangi la simenti na waya wa kuku, la lita 20,000, likijengwa moja kila mwaka, kazi huwa imekwisha katika miaka mitano, na fundi wa kijijini akifundishwa la kwanza huyaweza yaliyobaki. Tena matangi matano yana faida moja juu ya tangi moja kubwa: moja likipasuka, manne yanabaki.

Wako wanaosema maji ya mvua hayana ladha. Ni kweli, kwa sababu hayana madini yaliyoyeyuka kutoka miambani. Hilo ndilo jema lake katika sehemu za Arusha na Singida ambako visima vingi vina floraidi inayowageuza watoto meno kuwa ya kahawia na, ikizidi sana kwa miaka mingi, kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mvua safi haina taabu hiyo.

Hata hivyo yapasa kuyatunza. Ndege hutua juu ya bati, na vumbi la kiangazi hukaa humo miezi saba. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa na kumwagika. Wengine huweka bomba lililosimama lenye kifuniko chini, likijaa uchafu ndipo maji safi yapite kwenda tangini. Mdomo wa tangi uwe na wavu mwembamba wa kuzuia mbu. Tangi lifunikwe, mwanga usiingie, la sivyo maji yatafanya ukijani. Bomba la kuchotea liwe juu ya sakafu ya tangi kwa kiasi cha sentimita 10 hadi 15, ili tope libaki chini. Maji ya kunywa yachemshwe. Asiye na kuni za kutosha ajaze maji maangavu katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, azilaze juani kwa saa 6, au siku mbili kama kuna mawingu. Jua hilo huua vijidudu vingi vya kuhara.

Na mwenye paa la nyasi, au aliye bado katika tembe? Tembe ni nyumba ya akili katika upepo na joto la Ugogo, ila paa lake la udongo hunywa mvua yote. Huyo anaweza kujifunza kwa ndugu zetu wa visiwa vya Lamu, huko Kenya. Kule maji ya ardhini mahali pengi ni ya chumvi, na wazee wa zamani walijenga jabia: sakafu pana iliyosakafiwa vizuri, yenye mteremko, inayokusanya mvua na kuipeleka katika birika lililojengwa chini ya ardhi. Majabia hayo yangali yanatumika. Na huko Kordofan, nchini Sudan, watu walitoboa mibuyu na kuijaza maji ya mvua kwa ajili ya kiangazi. Mibuyu tunayo, ingawa hatuwashauri vijana waanze kuitoboa!

Sasa yale maji ya kufulia. Maji ya kwanza ya suuza hufaa kufulia nguo nzito, kisha huenda shambani. Yaliyooga watu na yaliyosafisha vyombo, yakipitishwa katika shimo lenye kokoto chini na mchanga juu, yatamwagilia migomba, mipapai na miti ya kivuli. Yasimwagwe juu ya mboga zinazoliwa mbichi, yasiwekwe zaidi ya siku moja kwa kuwa yatanuka, na yenye dawa ya kung'arisha nguo yasifike shambani kabisa. Hayo yanatosha kwa nyumba. Lakini ili tusidhani ni jambo la watu maskini tu, mji wa Windhoek, Namibia, tangu mwaka 1968 umekuwa ukisafisha maji yake machafu na kuyarudisha katika mabomba ya kunywa. Mtambo mpya uliofunguliwa mwaka 2002 una uwezo wa kusafisha mita za ujazo 21,000 kwa siku. Wenyeji wanayanywa, na mji ungekuwa na shida kubwa bila hayo. Mtambo wa namna ile unahitaji mafundi wa kemia usiku na mchana. Tusijaribu kuuiga kwa pipa na mkaa.

Juu ya ukungu tuseme kwa ufupi. Kijiji cha Chungungo, kando ya bahari ya Chile, kilipata maji ya nyavu zilizosimamishwa juu ya mlima kuanzia mwaka 1992, kama lita 15,000 kwa siku. Miaka kumi hivi baadaye nyavu zilikuwa zimechanika bila kushonwa, na kijiji kikarudi kungojea maji ya malori. Ukungu haukukoma, palikosekana watu wa kudumu katika matengenezo. Nasi Ugogo hatuna ukungu wa kutosha, lakini hadithi hiyo inaihusu kila kamati ya maji. Na maji ya bahari? Nchi za Ghuba huishi kwa hayo. Hata kwa mitambo mizuri huchukua umeme wa uniti 3 hadi 4 kwa mita moja ya ujazo, na huacha maji ya chumvi kali yanayopaswa kutupwa mahali. Zaidi ya hayo, bahari iko mbali nasi. Tuwaachie wenye pwani.

Tuje kwenye mchanga.

Kila mtu wa Ugogo ameona jambo hili: korongo limekauka, juu ni mchanga mkavu unaochoma nyayo, lakini mwenye jembe akichimba kiasi cha mkono mmoja au zaidi hukuta unyevu, kisha maji. Mchanga ni tangi. Katikati ya chembe zake kuna nafasi, na katika mchanga mnene nafasi hizo hufika kama theluthi ya ujazo wote. Jaribu nyumbani. Jaza ndoo ya lita 20 mchanga mkavu wa korongo, mimina maji kwa kikombe ukihesabu, hadi yaonekane juu. Utashangaa ni lita ngapi zimeingia katika ndoo "iliyojaa". Kisha toboa tundu dogo chini, ukinge yanayotoka kwa saa moja. Mchanga mnene utakurudishia sehemu kubwa ya maji yako. Mchanga laini wenye tope utayashika. Jaribio hilo lafaa sana kwa watoto wa shule ya Jumapili, nao hawalisahau.

Faida ya pili ya mchanga ni kivuli. Lambo lililo wazi katika nchi yetu hupoteza kwa jua na upepo maji ya kina cha kama mita 2 kwa mwaka, na jua likichukua maji haliichukui chumvi. Ndiyo maana mabwawa ya nchi kavu huelekea kuwa ya chumvi. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, linajulikana kwa hilo. Lakini ndani ya mchanga, kina cha juu cha sentimita 60 hivi kikishakauka, jua haliwezi tena kunyonya sana. Mbu hawapati mahali pa kutaga. Na mchanga huchuja, ingawa si kiasi cha kutufanya tuache kuchemsha.

Ndugu zetu Wakamba wa Machakos, Makueni na Kitui wameliendeleza jambo hili kuliko wengine wote tunaowafahamu. Mwaka 1978, Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni huko Machakos, wakajenga kuta za mawe na simenti kukatiza makorongo. Ukuta hujengwa juu ya mwamba, na ncha zake huingizwa ndani sana ya kingo zote mbili. Mafuriko yanapokuja huleta mchanga. Ule mzito hutua nyuma ya ukuta, tope jepesi hupita juu na kwenda. Baada ya misimu kadhaa pale nyuma huwa pamejaa mchanga mtupu, na mchanga umejaa maji. Mchanga wa urefu wa mita 100, upana wa mita 10 na kina cha wastani cha mita 1 ni mita za ujazo 1,000; tukihesabu nafasi kuwa sehemu 3 katika 10, hapo pana lita 300,000. Hayatoki yote, lakini yanayotoka ni mengi, na walio chini ya mto bado hupata mafuriko yao, maana ukuta huzuia sehemu ndogo tu. Kuta nyingi zilizoshindwa zilishindwa kwa sababu mbili: mafuriko yalizunguka ncha zisizoingizwa vizuri ukingoni, au zilijengwa katika korongo linaloleta tope badala ya mchanga. Kwa hiyo ndoo ile ya majaribio itangulie, simenti ifuate.

Lakini hapa kwetu, kabla ya kuzungumzia kujenga ukuta, tuna tangi tulilopewa bure na tunaliuza. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji unajengwa usiku na mchana, na nyumba hazijengwi bila mchanga. Malori huingia makorongoni. Hatuwalaumu vijana wanaopakia kwa koleo. Ni kazi ya jasho na inalisha nyumba. Wala hatusemi mchanga usichukuliwe, kwa kuwa hata kuta za kanisa letu zina mchanga. Tunaomba tu hesabu ifanywe. Lori la mita za ujazo 4 linapoondoka na mchanga wa mahali penye maji, linaondoka na nafasi ya lita 1,200, yaani maji ya kinywa ya familia moja kwa siku 40. Na si mara moja. Nafasi hiyo ingejazwa na mvua ya mwaka huu, na ya mwakani, na ya mwaka wa tatu, na kadhalika. Mwenye lori hulipa mara moja tu.

Mafuriko huleta mchanga mpya, ni kweli, lakini huleta kwa kiasi chake. Tukitoa zaidi ya unaoletwa, korongo hushuka mpaka mwamba. Lipo korongo moja tulilochota humo zamani mwezi wa Oktoba bila taabu. Leo pale ni jiwe tupu, na maji ya mvua hupita kwa kishindo asubuhi moja, jioni hayapo.

Huko Makueni walifika mahali hapo mapema kuliko sisi, na mwaka 2015 kaunti yao ikatunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ili uchukuliwe kwa kibali na mahali palipochaguliwa. Kwetu ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia ndani ya mita 60 za ukingo wa mto shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuuharibu. Sheria ipo kabatini. Korongoni hakuna anayeisoma. Afadhali kijiji chenyewe kikae na kukubaliana: sehemu hizi, penye mwamba unaozuia maji chini na penye visima vya akina mama, lori lisiingie kabisa, sehemu zile, penye mchanga mwingi usio na maji, wachukue kwa kipimo na kwa ushuru unaoandikwa. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili inaweza kuonekana kwa macho, na inaweza kupimwa.

Kupima ni hivi. Mwezi wa Septemba au Oktoba, wakati kiangazi kimekaza, chukua nondo ya mita 3 na nyundo. Mwombe fundi akate vijino vidogo kila sentimita 25. Tembea katikati ya korongo na kila hatua 20 igongomee nondo mpaka igome. Ikigoma kwa mlio mkali, umefika mwamba. Ichomoe polepole bila kuizungusha: vijino vitaleta chembe za mchanga kutoka kila kina, nawe utaona kama ni mzito au ni tope, mkavu au mbichi. Andika katika daftari kina cha mchanga, kina ulipoanza unyevu, na alama iliyo karibu, kwa mfano mkuyu. Mkuyu hausimami mbali na maji. Mzee yeyote atakuambia.

Umoja wa Akina Mama wanajua tayari ni wapi maji hudumu hadi Novemba na ni wapi yalikuwa yakidumu zamani. Waanze wao kuonyesha, vijana wagongomee, na mwenye mwandiko mzuri ashike daftari. Korongo la kilomita 2 linakwisha kwa siku mbili za Jumamosi. Daftari hilo likiletwa katika mkutano wa kijiji kabla ya mvua za Desemba, mwenyekiti atakuwa na kitu cha kuwaonyesha wenye malori.